Arseniki, risasi na zebaki: historia ya dawa za kutoa sumu mwilini, kutoka mwambao wa Tanganika hadi machimbo ya dhahabu

UVIRA, Kivu Kusini. Kwa watu wa Uvira na wa bonde la Ruzizi, neno risasi linaleta kwanza mlio wa bunduki. Lakini risasi ni jina la metali kabla ya kuwa jina la kitu kinachotoka ndani ya bunduki. Ni metali laini, nzito, rahisi kuyeyusha kwa moto wa makaa. Imo ndani ya betri za magari, imo katika vizito vya nyavu, na imo pia katika aina fulani za mawe yanayobeba dhahabu. Ikiingia mwilini kidogo kidogo, kwa vumbi au kwa chakula, inaharibu ubongo na damu bila mlio wowote. Zebaki na arseniki zinafanya kazi inayofanana na hiyo, kila moja kwa njia yake.

Ziko dawa za kuzitoa metali hizi mwilini. Historia ya dawa hizo ni ndefu, nayo inapita karibu na ziwa hili kuliko wengi wanavyodhani. Ndani yake kuna fundisho ambalo familia zinazoishi kando ya machimbo, na zile zilizohama vita zikaanza maisha upya kwa kutwanga mawe ya dhahabu, zinahitaji kulijua mapema: dawa inaweza kutoa sumu iliyo ndani ya damu, lakini haina nguvu juu ya sumu iliyobaki uani.

Arseniki ndani ya sindano

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa usingizi, ambao ndugu wa Tanzania wanauita malale, uliingia katika vijiji vya mwambao wa kaskazini wa Tanganika, pande zote mbili za maji. Upande wa Uvira ulikuwa chini ya mfalme Leopold wa Pili, na kuanzia mwaka 1908 chini ya Ubelgiji. Upande wa pili, Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Ugonjwa haukujua mpaka huo. Mbung'o waliishi katika vichaka vya kando ya maji, mahali pale pale watu walipovua, walipochota maji na walipofunga mitumbwi.

Serikali zote mbili ziliogopa. Zilihitaji wapagazi, wapiga makasia na walipa kodi, na watu hao walikuwa wakifa. Shule ya tiba ya Liverpool, Uingereza, ilituma ujumbe Kongo kuanzia mwaka 1903. Mmoja wa waganga wake, Joseph Everett Dutton, alifia Kasongo, Maniema, Februari 1905, kwa homa ya kupe aliyokuwa akiichunguza. Mwaka huo huo, watafiti wawili wa Liverpool, Thomas na Breinl, walionyesha kwamba dawa iitwayo Atoxyl inaua vimelea vya ugonjwa wa usingizi. Jina hilo lilichaguliwa kuonyesha kwamba dawa haina sumu. Kumbe ndani yake mlikuwa arseniki.

Mwaka 1906, Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa ametoka kupata tuzo ya Nobel, alifika visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Alifungua kambi na kuwadunga wagonjwa Atoxyl kwa wingi. Mwanzoni walionekana kupata nafuu. Kisha ugonjwa ukawarudia baadhi yao, naye akaongeza dozi. Wagonjwa 22 walipofuka na hawakuona tena. Arseniki ilikuwa imeua mishipa ya macho.

Hata hivyo mpango wa kambi na sindano haukuachwa. Katika miaka iliyofuata, Wajerumani waliuleta pia katika mwambao wa Tanganika. Watu walishikwa shingo ili kutafuta tezi zilizovimba, wakapimwa, wakatengwa na familia zao, wakadungwa. Vichaka vya pwani vilikatwa, vijiji vikahamishwa. Wengi walikubali sindano kwa matumaini. Wengine walikimbia usiku. Katika Kongo ya Wabelgiji zilijengwa lazareti za kuwafungia wagonjwa, na baadaye zikaja timu za kutembea kijiji hadi kijiji, pamoja na kibali cha afya ambacho mtu alipaswa kuonyesha ili asafiri.

Mwaka 1919, Taasisi ya Rockefeller huko New York ilitengeneza dawa mpya, tryparsamide. Daktari Louise Pearce aliileta Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1920, akaijaribu kwa wagonjwa wa Kongo. Ilikuwa na nguvu kuliko Atoxyl, kwa sababu iliweza kufuata ugonjwa hadi katika ubongo. Lakini nayo ilibeba arseniki, nayo iliweza kuharibu macho.

Kwa karibu miaka 40, basi, mgonjwa wa usingizi alikaa kati ya mambo mawili: ugonjwa ambao ulikuwa na hakika ya kumuua, na dawa iliyoweza kumpofusha. Arseniki ilipomzidi, mganga hakuwa na kitu cha kuitoa. Alisimamisha sindano na kungoja.

Dawa iliyotoka katika maandalizi ya vita

Kitu cha kutoa arseniki hakikutafutwa kwa ajili ya wagonjwa wa Afrika. Kilitafutwa kwa ajili ya askari.

Mwaka 1918 Marekani ilitengeneza sumu ya vita iitwayo Lewisite, kwa jina la mkemia Winford Lee Lewis. Ilikuwa na arseniki, nayo ilichoma ngozi, macho na mapafu. Vita ya Kwanza ya Dunia iliisha kabla haijatumiwa. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliogopa kwamba adui atawamwagia sumu hiyo kutoka angani. Kazi ya kutafuta kinga ilipewa kikundi cha Chuo Kikuu cha Oxford kilichoongozwa na Rudolph Peters, pamoja na Lloyd Stocken na Robert Thompson.

Walianza na swali rahisi: arseniki inaua kwa njia gani? Kazi za watafiti waliotangulia zilikuwa zimeonyesha kwamba inashika sehemu za protini zenye salfa. Sehemu hizo ndizo seli inazitumia kugeuza chakula kuwa nguvu. Arseniki ikikaa hapo, seli ina chakula lakini haiwezi kukitumia, nayo inakufa njaa karibu na chungu kilichojaa. Wanakemia wa Oxford wakatafuta kitu kidogo chenye salfa mbili zilizokaa jirani, ambacho arseniki itakipenda kuliko protini. Kama kingepatikana, arseniki ingeachia seli na kukifuata.

Kilipatikana, wakakiita British Anti-Lewisite, kwa kifupi BAL. Jina lake la kidawa ni dimercaprol. Kilikuwa siri ya vita hadi mwaka 1945, kilipotangazwa katika jarida la Nature. Waingereza hawakumwagiwa Lewisite. Lakini waganga walikwisha kuona faida nyingine: siku zile kaswende ilitibiwa kwa sindano za arseniki, na wagonjwa waliodhurika nazo waliweza sasa kuokolewa kwa BAL.

BAL si dawa ya upole. Inachanganywa na mafuta ya karanga na kudungwa ndani kabisa ya msuli. Sindano yenyewe inauma, harufu yake ni kali, inapandisha presha na inatapisha. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa mganga kuweza kwenda kuifuata metali ndani ya mwili na kuitoa.

Gando la kaa

Wanakemia wanaziita dawa za namna hii kwa neno lililotoka katika Kigiriki, maana yake gando la kaa. Mtoto yeyote wa Kalundu aliyewahi kuinua jiwe pembeni mwa ziwa anaelewa kwa nini. Kitu kinachoshikwa upande mmoja tu kinaponyoka. Gando lina pande mbili, linabana, na likibana haliachi upesi. Dawa inafanya hivyo kwa metali: inaibana pande mbili au zaidi, inasafiri nayo katika damu hadi kwenye figo, na mtu anaitoa kwa mkojo.

Baada ya BAL zilikuja nyingine. EDTA ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1935 kwa kazi za viwanda, si kwa tiba. Katika miaka ya 1950, Marekani, ilianza kupewa wafanyakazi waliosumishwa na risasi, wakiwemo watu wa viwanda vya betri. Inaingizwa kwa mshipa, na lazima iwe ile iliyoungwa na kalsiamu. Kisha ikaja DMSA, ndugu wa BAL, ambayo jina lake jingine ni succimer. Hiyo inamezwa, haihitaji sindano, na inavumilika zaidi. Mwaka 1991 Marekani iliiruhusu kwa watoto wenye risasi nyingi katika damu.

Kitu kimoja kinazihusu zote. Gando halina macho. Linapofuata risasi linaweza kubeba pia zinki, shaba au kalsiamu ambazo mwili unazihitaji. Figo zikiwa mbovu, metali iliyobanwa haipati njia ya kutoka. Kwa hiyo dawa hizi zinapimiwa damu kwanza, zinatolewa na mtu aliyefundishwa, na mgonjwa anafuatiliwa siku baada ya siku.

Arsobal: sumu na dawa yake katika chupa moja

Katika Kongo, dawa ya gando ilifika kwa njia ambayo wachache waliitambua. Mwaka 1949 daktari Ernst Friedheim, wa Uswisi, alichukua dawa ya arseniki ya kutibu usingizi na kuiunganisha na BAL yenyewe. Alitumaini kwamba BAL ingepunguza sumu ya arseniki bila kuondoa nguvu yake juu ya vimelea. Dawa hiyo ni melarsoprol. Wauguzi wa Kongo waliijua zaidi kwa jina la dukani, Arsobal, na jina hilo limebeba historia yote: arso kwa arseniki, bal kwa BAL.

Ilifaulu kwa nusu. Iliokoa maelfu ya watu ambao ugonjwa ulikuwa umefika ubongoni, na kwa miongo mingi hapakuwa na nyingine ya kuishinda. Lakini maji yake yalikuwa makali hata yakaharibu mabomba ya plastiki, ikabidi itumike sindano ya kioo. Wagonjwa waliilinganisha na moto unaopita ndani ya mshipa. Katika kila wagonjwa 100, kati ya 5 na 10 walipatwa na ugonjwa wa ubongo ulioletwa na dawa yenyewe, na karibu nusu ya hao walikufa. Muuguzi aliyedunga Arsobal alijua kwamba mmoja kati ya wagonjwa 20 waliolala mbele yake huenda asirudi nyumbani, na sababu ingekuwa sindano yake.

Hali hiyo iliendelea hadi karne ya 21. Mwaka 1998 Afrika nzima ilihesabu karibu wagonjwa 40,000 wa usingizi, wengi wao wakiwa Kongo, ambako vita na kuvunjika kwa huduma vilikuwa vimesimamisha timu za kupima. Mwaka 2009 tiba mpya isiyo na arseniki, inayounganisha eflornithine na nifurtimox, iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Baadaye ikaja fexinidazole, vidonge vya kumeza kwa siku 10. Vilijaribiwa zaidi ndani ya Kongo yenyewe, kazi ikiongozwa na daktari Mkongomani Victor Kande, na vikapata kibali mwaka 2018. Mwaka huo Afrika nzima ilihesabu wagonjwa chini ya 1,000.

Kwa ugonjwa wa usingizi unaopatikana kwa wingi Kongo, basi, arseniki imetoka katika sindano. Haikutoka kwa sababu gando lilikuwa zuri mno. Ilitoka kwa sababu hatimaye watu waliacha kuitia mwilini. Hilo ndilo fundisho la kwanza, na watu wa machimbo wamelilipia kwa bei kubwa.

Zamfara: watoto wa wasaga mawe

Mapema mwaka 2010, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilisikia kwamba watoto wanakufa kwa wingi katika vijiji vya jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Walikuwa wakitapika na kupata degedege. Wengi walidhani ni malaria, kama ambavyo mzazi yeyote wa Uvira, Sange au Baraka angedhani. Dawa za malaria hazikuwasaidia. Damu ilipopimwa, ilijaa risasi.

Sababu ilikuwa dhahabu. Bei ilikuwa imepanda, na wanaume walileta mawe nyumbani. Mawe yalitwangwa, yakasagwa kwa mashine zile zile za unga, yakaoshwa na kukaushwa ndani ya ua, karibu na vyungu na mikeka ya watoto. Mawe ya huko yalikuwa na risasi nyingi pamoja na dhahabu. Vumbi lilikaa juu ya udongo ambao watoto waliutambaa na kutia mikono mdomoni. Kwa hesabu ya serikali, watoto wasiopungua 400 walikufa.

Dawa iliyotumika ilikuwa DMSA. Katika mwaka wa kwanza, watoto zaidi ya 1,100 wenye miaka 5 au chini walipewa dozi zaidi ya 3,000, na vifo vilipungua sana. Lakini waganga waliweka sharti: hawatampa mtoto dawa kama anarudi kulala juu ya udongo ule ule. Kwanza kijiji kisafishwe. Udongo wa juu ukachimbwa kwa majembe, ukabebwa na kuzikwa mbali, udongo safi ukamwagwa mahali pake. Kijiji cha Bagega, kikubwa kuliko vingine, kilingoja fedha za kazi hiyo hadi mwaka 2013. Wakati wote huo watoto wake walibaki na sumu. Dawa ilikuwako, kilichokosekana ni kuhamisha udongo.

Sharti hilo halikuwa ukatili. Mtoto anayetolewa risasi kwa dawa na kuingizwa risasi mpya kwa vumbi ni kama mtumbwi unaokaushwa maji huku tundu liko wazi. Tena mwili unaficha risasi ndani ya mifupa kwa miaka mingi. Dawa ikisafisha damu leo, mifupa inarudisha nyingine kesho. Ndiyo sababu mtoto mmoja alihitaji dozi zaidi ya moja.

Kabwe na Mombasa

Mfano wa pili uko upande wa kusini wa ziwa hili. Meli zinazotoka Kalundu zinaweza kufika Mpulungu, bandari ya Zambia. Ndani zaidi ya nchi hiyo uko mji wa Kabwe, ambako mgodi wa risasi ulifanya kazi tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi mwaka 1994. Mgodi ulifungwa, vumbi likabaki. Miaka zaidi ya 20 baadaye watoto waliozaliwa baada ya kufungwa kwake walikutwa na risasi nyingi katika damu. Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza kuwapima na kuwapa dawa. Lakini wengi walirudi katika nyumba zile zile, karibu na marundo yale yale ya taka za mgodi.

Mfano wa tatu ni wa pwani ya Kenya. Owino Uhuru ni mtaa wa maskini mjini Mombasa. Mwaka 2007 ulifunguliwa hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi uliingia majumbani na maji machafu yakapita kati ya nyumba. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda, aliona mtoto wake mchanga akiugua; akapimwa, akakutwa na risasi. Akaacha kazi, akaunganisha wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hukumu ilipingwa, ikatenguliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Tangu kiwanda kufungwa hadi hukumu hiyo ya mwisho imepita miaka 10. Mtoto aliyekuwa tumboni kiwanda kilipofungwa alikuwa tayari darasani, akisoma na ubongo ule aliozaliwa nao.

Maana hapo ndipo dawa inapokoma. Gando linabeba metali, halirudishi kilichoharibika. Macho ya wagonjwa wa Sese hayakufunguka tena. Mtoto wa Zamfara aliyepona degedege aliweza kubaki kipofu, kiziwi au mzito wa kujifunza.

Zebaki, na mbegu za Iraq

Katika machimbo mengi ya Afrika Mashariki na Kongo, dhahabu inakusanywa kwa zebaki, yale maji mazito yenye kung'aa kama fedha ambayo watu wengi wa hapa wanayaita kwa jina la Kifaransa, mercure. Donge la dhahabu na zebaki linachomwa juu ya makaa, zebaki inapaa kwa mvuke usioonekana, dhahabu inabaki. Mvuke huo unaingia mapafuni na kwenda hadi ubongoni. Mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, hasira zinapanda. Dawa za jamii ya DMSA zinaongeza zebaki inayotoka kwa mkojo, lakini hazina ahadi ya kutuliza mkono ambao umekwisha kuzoea kutetemeka.

Zebaki ina sura nyingine inayowahusu zaidi watu wanaoishi kwa msaada wa chakula. Mwishoni mwa mwaka 1971, Iraq ilikuwa katika njaa baada ya ukame. Ilinunua ngano na shayiri za kupanda, zilizopakwa dawa ya zebaki ili zisiliwe na ukungu. Zilitiwa rangi nyekundu, na magunia yaliandikwa onyo kwa lugha ambazo wakulima hawakuzisoma. Msimu wa kupanda ulikuwa umepita katika sehemu nyingi. Familia ziliosha mbegu hadi rangi ikatoka, zikadhani sumu imetoka nayo, zikasaga na kuoka mkate. Watu zaidi ya 6,000 walilazwa hospitalini, na 459 walifia humo.

Waganga walijaribu dawa za gando. BAL iliepukwa, kwa sababu majaribio ya wanyama yalionyesha kwamba kwa aina hiyo ya zebaki inaweza kuisukuma kuingia ubongoni badala ya kuitoa. Dawa nyingine zilishusha zebaki katika damu. Lakini kwa wengi ubongo ulikuwa umekwisha kudhurika wiki nyingi kabla ya dalili ya kwanza. Kwa familia yoyote inayopokea mbegu kambini au kijijini, jambo hili halihitaji daktari: mbegu iliyopakwa rangi ni ya kupanda tu, na kuiosha hakuitoi sumu.

Kinachoweza kufanywa sasa

Dawa za gando zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2021 shirika hilo lilitoa mwongozo juu ya risasi, na neno lake la kwanza ni kutafuta sumu inatoka wapi na kuikata. Kwa mtoto, dawa inapendekezwa pale kipimo cha damu kinapofika maikrogramu 45 katika desilita moja au zaidi. Chini ya hapo, tiba kubwa ni kumtenga na sumu na kumlisha vizuri. Mtoto aliyeshiba, mwenye madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha, anafyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Maziwa na ndagala vina faida kwa njia hiyo, lakini imani kwamba kunywa maziwa kunaosha sumu haina ukweli.

Kuna pia hatari ya wauza dawa. Nchini Marekani, kati ya mwaka 2003 na 2005, watu 3, wawili kati yao wakiwa watoto, walikufa baada ya kutiwa mwilini dawa ya kutoa metali iliyowanyima kalsiamu hadi moyo ukasimama. Hilo lilitokea katika nchi yenye vipimo na maabara. Mtu anayeuza dripu ya kusafisha damu sokoni, bila kipimo, anacheza na kitu kilichoua huko.

Dalili za risasi kwa mtoto zinafanana na magonjwa mengi ya mwambao huu: tumbo kuuma, kukosa damu, kutapika, kuchelewa kusema, degedege. Kwa hiyo habari yenye thamani kubwa kwa muuguzi ni ile ambayo mzazi peke yake anaijua, yaani kazi inayofanywa nyumbani. Kama kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, au watoto wawili au watatu wa ua mmoja wamepata degedege, mzazi aseme wazi kwamba mawe yanatwangwa uani, kwamba donge linachomwa jikoni, au kwamba betri zinayeyushwa karibu. Hakuna anayeweza kwa macho kutofautisha jiwe lenye risasi na lisilo nayo. Kila mlima una mawe yake, na yaliyotokea Zamfara hayasemi kwamba mawe ya Misisi au ya Kamituga ni yale yale. Yanasema kwamba inafaa kupima kabla watoto hawajawa kipimo.

Wamama watwangaji, wale wanaoitwa twangaise huko Kamituga, wanaweza kubadili nguo kabla ya kuingia nyumbani, kunawa mikono kabla ya kunyonyesha, kumwagia mawe maji ili vumbi lisipande, na kutotumia sufuria ya chakula kwa kazi ya dhahabu. Lakini mama anayetwanga kwa malipo ya siku hawezi peke yake kuhamisha kinu mbali na makazi. Hiyo ni kazi ya wakuu wa machimbo, ya vyama vya ushirika vya wachimbaji na ya serikali ya jimbo. Bagega ililifahamu hilo kwa miaka mitatu ya kungoja, dawa ikiwa tayari na udongo ukiwa bado haujaondolewa.